Ua hili au ua huu? Kana na duranta kwa bustani ya Mwanza

Kila vuli ikikaribia, hapa kwenye kitalu changu cha kando ya barabara swali ni lile lile: "Nipande ua gani mbele ya nyumba?" Na mimi huwa namrudishia mtu swali: ua hili au ua huu? Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Ua hili, wingi wake maua, ni la kutazama. Ua huu, wingi wake nyua, ni wa kuzuia mbuzi na macho ya wapita njia. Wengi wanaofika hapa hawajaamua wanataka lipi. Wameona kana nyekundu imechanua ndani ya ndoo, wanaibeba, wanaipanda juu mlimani kwenye mawe na jua kali, halafu mwezi wa saba wanarudi kunilaumu.

Basi nimeandika mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze huku. Nazungumzia mimea miwili tu, kana na duranta, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo inayopatikana kwenye kila kitalu kuanzia Buhongwa hadi Kisesa. Ukiwa na haraka, shika hili moja: kana inakudai maji, duranta inakudai makasi. Angalia kipi unacho.

Hizi ni nini hasa

Kana ni mmea wa maua wa kudumu. Majani yake mapana humfanya mtu adhani ni mgomba mdogo. Chini ya udongo kuna tunguu linalotambaa kama tangawizi. Shina likishachanua na kumaliza, basi, halitoi tena, lakini tunguu linasukuma machipukizi mapya pembeni, kwa hiyo shada halifi. Urefu wake mara nyingi ni kati ya meta 1 na 2, na maua ni mekundu, ya njano, ya machungwa, au ya njano yenye madoa.

Duranta ni kichaka chenye shina la mti, na kina majani kiangazi na masika. Ile ya majani ya rangi ya dhahabu ndiyo imejaa mitaani. Ya kijani ipo pia, na mara nyingi hiyo ndiyo yenye miiba. Usipoikata inapita meta 3 bila shida, inatoa vishada vya maua ya zambarau ambavyo nyuki na vipepeo wanavipenda, kisha vitunda vya njano.

Zote mbili asili yake ni nchi za joto za Amerika, kwa hiyo hakuna ya kujidai kuwa ni ya jadi. Ua wa jadi wa Usukumani ni mnyaa, ule wa utomvu mweupe unaozungushiwa maboma. Mimi siuzi. Utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Nilivyojifunza kuhusu maji

Mwaka wa kwanza nilipohamia Igogo, kwenye nyumba ya kupanga kule juu ambako kila hatua tatu unakutana na mwamba, nilipanda mashina tisa ya kana kwa mstari mmoja. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Mvua ikakatika. Kufika Julai, saa saba mchana majani yalikuwa yamejisokota kama sigara, kingo zimegeuka kahawia. Manane yalikuwa hivyo. La tisa, lile la kwenye kona, lilikuwa na majani yanayong'aa na ua jekundu juu kabisa. Nikajiambia udongo wa kona lazima una kitu. Asubuhi moja nikamwona binti wa jirani anatoka na karai la maji ya kuoshea vyombo, anayamwaga pale pale anapoyamwaga kila siku. Kwenye kona.

Yale manane niliyang'oa. Mahali pake nikaweka duranta, ambayo bado ipo mpaka leo, na mwenye nyumba anasema yeye ndiye aliyeipanda.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Jembe. Ukiwa mlimani, azima na sururu.
- Samadi iliyooza vizuri, isiyonuka tena. Toroli moja inatosha meta 3 za kana. Kwa duranta, nusu yake.
- Matandazo: nyasi kavu, majani makavu, au pumba za mpunga.
- Kamba, vijiti viwili na futi ya fundi.
- Makasi ya bustani yale ya mikono miwili, pamoja na kisu kikali.
- Ndoo ya lita 20 na kopo.
- Glavu, hasa kwa duranta ya kijani.
- Majivu ya jikoni, debe moja.

Mbolea ya dukani sijaiandika kwa makusudi. Kwa kazi hii haihitajiki.

Na muda. Wakati mzuri ni mvua za vuli zikishashika, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Mmea unapata mvua mpaka Desemba, unavumilia jua la Januari na Februari ukiusaidia kidogo, halafu masika ya Machi hadi Mei yanaumalizia kazi. Ukikosa vuli, panda Machi. Kupanda Juni ni kujitafutia kazi ya kubeba ndoo hadi Septemba.

Hatua kwa hatua

1. Pima maji yako kabla ya kupima ardhi. Kwa wiki moja, hesabu ndoo ngapi za maji yaliyokwisha kutumika zinamwagwa nyumbani kwako: ya kuoshea vyombo, ya kuogea, ya kufulia. Kisha jiulize yanamwagwa wapi. Kama kuna mahali pamoja ambapo maji ya jikoni yanaishia kila siku, umeshapata kitanda cha kana bila kutumia hata tone la bomba. Kana inapenda unyevu na inavumilia maji machafu ya nyumbani kuliko maua mengi, ndiyo maana huoteshwa pia kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Ila maji yenye dawa ya madoa ya kung'arishia nguo yapeleke kwingine.

Kama nyumba yako maji yanakuja siku mbili kwa wiki na kila ndoo inapandishwa kwa kichwa, usijidanganye. Nenda moja kwa moja kwenye duranta.

2. Soma udongo. Chimba shimo la kina cha sentimeta 40, mwaga ndoo moja, kisha angalia saa. Maji yakiisha ndani ya saa moja, una kichanga cha mlimani, kile Wasukuma wanachokiita *luseni*, kilichotokana na mawe haya haya tunayojivunia. Hakishiki maji wala samadi. Maji yakisimama hadi kesho yake, una mojawapo ya mawili: udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, au *itogolo*, ambao juu ni mchanga mzuri wa kukudanganya lakini chini kuna tabaka gumu kama sakafu. Itogolo ndiyo inayoua duranta nyingi, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa. Mizizi inakaa ndani ya maji, inakosa hewa, inaoza.

Kwa hiyo: luseni ni nyumbani kwa duranta, na kana humo itahitaji samadi mara mbili pamoja na matandazo ya kutosha. Mbuga na itogolo ni pazuri kwa kana. Ukitaka duranta hapo, inua tuta la sentimeta 30 kwanza, upande juu ya tuta.

Wa karibu na ziwa mna la kuongeza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo bustani yako isianzie kwenye matete. Na hata bila sheria, mwaka 2020 sote tuliona ziwa lilivyojaa na kusogea nchi kavu. Kana ikilowa miguu siku kadhaa itasimama. Duranta usiitegemee hapo.

3. Soma jua. Zote zinataka saa sita za jua au zaidi. Kana kivulini inarefuka, inalala, haichanui. Duranta ya dhahabu kivulini inageuka kijani. Haiumwi, ni rangi tu inayotaka jua, kwa hiyo usinirudishie mche ukisema nimekuuzia ya uongo.

4. Sasa amua. Una maji ya jikoni na unataka rangi karibu na baraza: kana. Unataka mpaka, faragha, kitu kisichokauka Agosti: duranta. Una kiwanja cha mteremko kama wengi wetu: duranta juu, ikishika udongo usishuke na mvua, na kana chini ambako maji yanaishia. Huo ndio mpangilio ninaoupenda zaidi, na unapendeza pia, maana dhahabu ya nyuma inalifanya ua jekundu la mbele lionekane kutoka barabarani.

Kana peke yake kama uzio, hapana. Mbuzi wa jirani ataila kama mboga.

5. Pata miche. Kana usinunue kama una rafiki anayo. Mwombe tunguu, baada ya miaka miwili mitatu huwa yanamsumbua kwa wingi. Kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi, yale yanayovimba kama ya tangawizi, na kiwe kigumu ukikibonyeza. Kinachobonyea kimeoza. Mbegu nyeusi za kana ni ngumu kama risasi. Unaweza kuziotesha ukizikwaruza kwa msasa na kuziloweka usiku kucha, lakini rangi ya mama haiji kwa uhakika.

Duranta, nunua iliyo kwenye kiriba, yaani kimfuko cha plastiki cha kuoteshea miche, yenye urefu wa sentimeta 20 hadi 30 na matawi tangu chini. Watu wanachagua mirefu wakidhani wanapata faida. Mche mrefu mwembamba wenye kichwa juu na shina tupu chini ni hasara, utaukata tu. Geuza kiriba uangalie chini: mizizi minene ikiwa imetoboa na kujizungusha, mche umezeeka kitalu. Uache, hata kama ni kwangu.

Au kata vipandikizi mwenyewe: vijiti vya sentimeta 15, visivyo vichanga sana wala vikavu, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye kiriba cha mchanga na mboji, weka kivulini, usiache kikauke. Chomeka zaidi ya unavyohitaji, vingine vitakufa.

6. Kupanda kana. Lima kitanda kizima, si mashimo, kina cha jembe moja kamili. Changanya samadi. Chimba mifereji midogo ya sentimeta 10, laza tunguu likiwa limelala na macho yakitazama juu, acha sentimeta 50 kati ya moja na jingine. Funika, kanyaga taratibu, mwagia ndoo moja kwa kila matunguu manne, halafu weka matandazo unene wa vidole vinne. Kitanda cha meta 3 kinatosha matunguu saba. Usijaze. Yatajijaza yenyewe.

Kama kuna tunguu lenye shina refu tayari, likate libaki la shubiri moja. Watu wanaona huruma, wanaliacha na majani yake yote, linaishia kunyauka kwa sababu mizizi bado haijashika.

7. Kupanda duranta. Vuta kamba. Usikadirie kwa macho, ua uliopinda utakukera miaka yote utakayokaa hapo. Kamba iwe sentimeta 60 kutoka ukutani au mpakani, ili uweze kupita nyuma na makasi. Chimba mtaro mmoja wa upana wa jembe na kina cha sentimeta 40, rudisha udongo ukiwa umechanganywa na samadi, kisha panda kila sentimeta 30. Meta 10 zitachukua miche 34. Ukitaka uzio mzito zaidi weka mistari miwili iliyopishana.

Chana kiriba chote, kitoe. Nasema chote. Nimewahi kuitwa Nyakato kuangalia ua uliodumaa mwaka mzima. Nilipofukua mche wa kwanza nikakuta plastiki nyeusi bado imeikumbatia mizizi kama soksi. Kijana aliyepanda alikuwa ametoboa chini tu. Tulifukua miche yote ishirini na sita siku hiyo, mimi na mama mwenye nyumba, na yeye alikuwa ananihesabia kila soksi kwa sauti.

Mche ukae kwenye udongo kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Ukiuzika shina, linaoza. Matandazo yakae ngumi moja mbali na shina, kwa ajili ya mchwa.

8. Siku hiyo hiyo, kata vichwa vya duranta. Hapa ndipo ninapopoteza wateja. Umetoka kununua, umepanda, na mimi nakwambia ukate theluthi ya juu ya kila mche. Fanya hivyo. Duranta iliyokatwa kichwa inatoa matawi pembeni na inaziba tangu chini. Isiyokatwa inakimbilia juu, na baada ya mwaka una ua wa miguu mitupu ambao kuku wanapita chini yake bila hata kuinamisha shingo.

9. Miezi mitatu ya kwanza. Mvua isiponyesha, kana kila siku ya pili, duranta mara mbili au tatu kwa wiki. Mwagia asubuhi au jioni, chini kwenye udongo, si kwenye majani. Baada ya hapo duranta inajitegemea isipokuwa kiangazi kirefu. Kana haitajitegemea kamwe. Ikianza kutoa maua, mara nyingi miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kupanda, ndiyo inakunywa zaidi.

Ukichota maji ziwani kwa ajili ya bustani, vaa buti. Kichocho kipo kwenye maji ya ukingoni, na kusimama peku ukijaza dumu ndivyo kinavyoingia. Jioni usiende kabisa, viboko hutoka majini wakati huo.

10. Kukata baada ya hapo. Kana: shina likimaliza maua yake yote, likate usawa wa ardhi. Usikate ua la kwanza likinyauka ukadhani limeisha. Shina moja hutoa zaidi ya mara moja, angalia kama pembeni kuna kijicho kingine. Majani makavu yatoe.

Duranta: kwa uzio safi, kila wiki nne hadi sita wakati wa mvua, na kiangazi mara moja au usikate kabisa. Umbo liwe la ndoo iliyopinduliwa, pana chini na jembamba juu kidogo. Mafundi wengi wanakata kinyume, juu pana, kwa sababu mkono unachoka wanapofika chini. Kivuli cha juu kinaua majani ya chini, na yakishaondoka pale chini kuyarudisha ni kazi. Jua pia kwamba duranta inachanua kwenye ncha changa: ukikata kila mwezi hutaona maua wala vitunda. Kwa mwenye watoto, hiyo ni faida, soma hapa chini.

11. Kugawa kana. Mwaka wa pili au wa tatu shada likibanana katikati na maua kupungua, fukua lote mwanzo wa vuli, kata matunguu kwa kisu, paka majivu kwenye vidonda, panda upya makubwa. Yanayobaki gawa mtaani. Ndivyo kana ilivyofika kwenye nyua nyingi za mji huu, si kupitia kwangu.

Tahadhari

Vitunda vya duranta ni sumu kwa watoto, na mbwa pia. Ni vya njano, vidogo, vimejipanga kama shanga, na kila mtoto anayecheza mchezo wa duka atavifanya machungwa. Wa kwangu alishawahi kunipangia mafungu matano juu ya kopo, bei mia mia. Ndege wanavila bila shida, ndiyo maana watoto wanadhani vinalika. Ukiwa na watoto wadogo, kata kila mwezi bila kukosa ili visitokee, au chagua haibiskasi badala yake: nayo ina majani mwaka mzima, inavumilia makasi na ina maua makubwa, ingawa haizibi sana kama duranta.

Samadi mbichi usiweke. Inaunguza mizizi na kuita mchwa. Pumba za mpunga zitandaze juu tu. Ukizichanganya mbichi na udongo, zinapooza zinanyang'anya mmea chakula na majani yanakuwa ya njano.

Magugumaji kutoka ziwani yanafaa kwa matandazo, ila yakaushe kabisa juani, mbali na maji, na usiyatupe kwenye mfereji unaorudi ziwani au kwenye kidimbwi chako. Yakipata maji yanaanza upya.

Mtu akikupa lantana bure, ile ya maua madogo ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, mshukuru halafu usiipande. Ndege wataisambaza mpaka malishoni, na ng'ombe wakiila inawadhuru.

Ikikataa

*Kana ina majani tu, haina maua.* Kivuli, au umeilisha samadi ya kuku kupita kiasi. Kama jua lipo, acha samadi msimu mmoja. Kama shada lina zaidi ya miaka mitatu, ligawe.

*Majani ya kana yana unga wa rangi ya chungwa upande wa chini.* Ni kutu. Kata majani hayo, yachome moto, punguza msongamano, acha kumwagia juu ya majani. Mara nyingi hiyo inatosha.

*Majani ya kana yana michirizi ya njano kufuata mishipa na yamejikunja.* Hicho ni kirusi, hakina dawa. Ng'oa shada zima na tunguu lake, usimpe mtu, na osha kisu chako. Usichanganye na zile kana za mapambo zenye mistari ya njano iliyonyooka na majani yaliyotulia. Hizo ndivyo zilivyo.

*Majani yametobolewa usiku.* Konokono au panzi. Toka na tochi saa tatu usiku uone mwenyewe. Konokono waokote. Pete ya majivu makavu kuzunguka shada inasaidia mpaka mvua inyeshe.

*Duranta inapukutisha majani na udongo umelowa.* Maji yamezidi. Acha kumwagilia, chimba kamfereji ka kutoa maji. Udongo ukiwa mkavu kabisa, basi ni kinyume chake. Ingiza kidole kabla ya kuamua, watu wengi wanaongeza maji kwenye mmea unaozama.

*Mche mmoja mmoja unakauka ghafla, mingine ni mizima.* Uvute. Ukitoka kirahisi na mizizi imeliwa, ni mchwa. Ondoa matandazo karibu na shina, tafuta kichuguu, mwagilia vizuri, na pandikiza mwingine mahali pake mvua ikirudi.

*Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye ncha za duranta, na sisimizi wanapanda na kushuka.* Kata ncha hizo, zichome. Zilizobaki nyunyizia maji ya sabuni: kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa kwenye lita 5, jioni, rudia baada ya wiki. Sisimizi nao wazuie, ndio wanaowalinda wale wadudu.

*Fundi amekata duranta hadi kwenye mti mtupu.* Usiing'oe. Kama ni mwanzo wa mvua itachipua baada ya wiki chache. Kama ni Agosti, imwagilie mara mbili kwa wiki na usubiri. Tafuta fundi mwingine.

*Duranta inavuta nyoka?* Hili naulizwa kila wiki. Kinachomvuta nyoka ni panya na vyura walio chini ya majani makavu na makopo mliyosukumia huko. Fagia chini ya ua kila mwezi, acha shubiri moja ya uwazi kati ya ardhi na majani kama nyumba iko karibu na mawe, na usiingize mkono bila kutazama.

*Nimefuata yote na asubuhi nimekuta kitanda cha kana kimelala chini kama kimepitiwa na trekta.* Kama unakaa karibu na ziwa, tazama nyayo. Zikiwa za vidole vinne, pana kama sahani, ni kiboko, na hakuna ua, hili wala huu, utakaomzuia. Matunguu yako bado yapo chini. Kata mashina yaliyovunjika, funika udongo, yatachipua.